Mjeledi wa Mpanda Farasi katika Mizani ya Fiqhi

 

Tarehe 29 Februari 2020, katika uwanja wa Mfalme Abdulaziz mjini Riyadh, lilishindaniwa kwa mara ya kwanza Kombe la Saudia la mbio za farasi. Fedha zilizowekwa zilikuwa dola za Marekani milioni 20. Farasi jike aitwaye Midnight Bisou alitoka wa pili. Wasimamizi walipohesabu, walimkuta aliyempanda, Mmarekani Mike Smith, amemchapa mnyama huyo mara 14, ilhali kanuni ya pale iliruhusu mara 10. Akafungiwa siku 9, na akakatwa dola 210,000, yaani asilimia 60 ya ujira wake. Fungu la mwenye farasi halikuguswa.

Huenda msomaji wa Tunduma, Vwawa au Kamsamba akauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Mkoa wetu wa Songwe hauna kiwanja cha farasi, na wengi wetu hatujawahi kumgusa mnyama huyo. Lakini tunao ng'ombe wa plau na wa mkokoteni, na tunao punda. Fimbo inayompiga maksai aliyekwama na mzigo wa mahindi katika tope la Momba ina hukumu katika vitabu vya fiqhi, na hukumu hiyo iko katika mlango ule ule unaomhusu mpanda farasi wa Riyadh. Basi tutazame wanazuoni wamesema nini juu ya mjeledi, na ni nani hasa anayestahiki kutiwa adabu unapovuka mpaka.

Mbio zenyewe si bidaa. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliotayarishwa kwa mbio kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wale wasiotayarishwa kutoka Thaniyyatul Wadaa mpaka Msikiti wa Bani Zuraiq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopanda siku hiyo. Mpokezi Sufyan amekadiria masafa ya kwanza kuwa maili tano au sita, na ya pili maili moja. Wengi huisoma Hadith hii kama dalili ya kujuzu mashindano, wakaishia hapo. Lakini tazama tofauti ya masafa. Farasi aliyefanyishwa mazoezi alipewa maili sita, na ambaye hakufanyishwa alipewa moja. Kazi ya mnyama ilipimwa kwa uwezo wake kabla hajapigwa hatua ya kwanza.

Suala la zawadi tunalipita kwa haraka, maana limeandikwa sana. Zawadi itokayo kwa kiongozi au kwa mmoja tu wa wanaoshindana inajuzu katika mbio za farasi na ngamia. Wakiweka wote wawili, Mashafii wanataka aingie wa tatu asiyeweka kitu, anayeitwa muhallil. Ama watazamaji kuwekeana fedha juu ya farasi asiye wao, hiyo ni kamari, na hakuna rangi ya kuipaka ikawa halali.

Linalotuhusu zaidi ni kwamba tangu mwanzo mashindano hayo yalikuwa na makatazo yake. Abu Dawud amepokea kwa Imran bin Husain (R.A.) kukatazwa kwa jalab na janab katika mbio. Wanazuoni wakaeleza kuwa jalab katika mbio ni mtu kuwa nyuma ya farasi wa mwenziwe au wake, akimpigia kelele na kumshtua ili azidishe mwendo, na janab ni kuandamana na farasi wa pili asiyechoka ili mpandaji amhamie njiani. Yote mawili ni hila ya kupata kwa mnyama, au kwa jina lake, mbio ambazo si zake. Kwa hiyo anayesema kuwa kanuni za kuwabana wapanda farasi zimebuniwa na wazungu hajausoma mlango huu.

Sasa tuje kwenye mjeledi. Haijuzu kusema kuwa Uislamu umekataza kabisa kumpiga mnyama wa kupanda, maana dalili zinaonyesha kinyume. Jabir bin Abdillah (R.A.) alikuwa safarini juu ya ngamia aliyechoka, Mtume (S.A.W.) akamfikia, akampiga ngamia yule na kumwombea dua, naye akaenda mwendo ambao Jabir hakupata kuuona kwake. Hadith hii imo katika Sahihi zote mbili, na ndiyo hoja ya wanaojuzisha pigo la kuhimiza.

Lakini pembeni yake iko Hadith ya Ibn Abbas (R.A.) katika Bukhari, ambayo sijui kwa nini haitajwi sana katika hotuba zetu. Siku ya kushuka kutoka Arafa, Mtume (S.A.W.) alisikia nyuma yake makelele makubwa, watu wakiwakemea na kuwapiga ngamia wao ili watangulie. Akawaashiria kwa mjeledi wake, akawataka watulie, na akawafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Mjeledi ulikuwa mkononi mwake mwenyewe, na akautumia kuwaashiria watu waache kupiga. Na hao hawakuwa wakikimbilia dola wala kikombe. Walikuwa Mahujaji katika ibada. Ikiwa haraka ya ibada haikuhalalisha kipigo kile, haraka ya zawadi itakihalalisha vipi?

Ongeza na Hadith za Jabir katika Muslim zinazokataza kumpiga mnyama usoni na kumtia chapa ya moto usoni. Hapa hakuna cha desturi wala kiasi. Pigo la uso limekatazwa hata likiwa moja na jepesi.

Basi baina ya Hadith ya Jabir na Hadith ya Arafa, mpaka uko wapi? Mafakihi walilijibu swali hili katika mlango wa ijara, yaani ukodishaji. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia) ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Kishafii wa pwani yetu wamekisoma vizazi kwa vizazi, kwamba aliyekodi mnyama akampiga au akamvuta hatamu kupita ilivyo desturi, anadhamini. Maana yake, mnyama akifa au akipata ila, hana udhuru wa kusema kwamba alikodi na amelipa, atalipa thamani. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbali (aliyefariki mwaka 620 Hijria) naye katika al-Mughni anajuzisha pigo la desturi, na anatoa hoja kwa kisa cha ngamia wa Jabir. Abu Hanifa alikuwa mkali kuliko wote: kwake, aliyekodi akimpiga mnyama bila ya idhini ya mwenyewe naye akafa, anadhamini hata kama pigo lilikuwa la kawaida. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu, wakasema la kawaida halina dhamana.

Kwa hiyo kipimo cha wengi ni desturi, nayo ni ile ya watu wanaomjua mnyama, wanaomwendesha kwa uzoefu na kutaka aishi. Haiwi kila wanalozoea watu. Mji mzima ukizoea kumchoma punda kwa msumari, mazoea hayo hayawi desturi ya kisheria, kwa kuwa yanapingana na nassi. Umar bin Abdul Aziz (R.A.), aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria (717 hadi 720 Miladia), aliikuta desturi kama hiyo kwa watu wa njia kuu na posta, wakiwafunga wanyama hatamu nzito na kuwachoma kwa mijeledi yenye chuma nchani. Aliwaandikia kuikataza, na hakuuliza wameizoea tangu lini.

Tukirudi kwenye viwanja vya leo, tunakuta wameacha kipimo cha desturi wakachukua cha hesabu. Saudia walihesabu 10. Uingereza, tangu mwaka 2023, ni mara 6 katika mbio za tambarare na mara 7 katika mbio za kuruka viunzi. Norway wao walipiga marufuku mjeledi wa kuhimiza tangu mwaka 1982. Hesabu ina faida yake, kwani inamwondolea mwamuzi maneno mengi na inamjulisha mpandaji mpaka wake kabla hajapanda. Lakini ina udhaifu ambao mafakihi wangeuona mara moja: haipimi nguvu ya pigo, wala hali ya anayepigwa. Mwezi Oktoba 2011 mpanda farasi Christophe Soumillon alishinda mbio kubwa ya Ascot juu ya farasi Cirrus des Aigles, akahukumiwa kupoteza zaidi ya pauni 50,000 kwa sababu katika sehemu ya mwisho ya mbio alichapa mara 6 badala ya 5. Wapanda farasi wakalalamika sana, na kabla ya mwezi huo kwisha wasimamizi wakaiondoa kanuni hiyo ya sehemu ya mwisho.

Nasi huku hatuhitaji kwenda Ascot kujua kuwa hesabu peke yake si rehema. Mjerumani alipotawala alikuwa akihesabu. Adhabu ya kiboko, mjeledi wa ngozi uliochukua jina la mnyama yule wa mtoni, iliwekewa mpaka wa mapigo 25 kwa mara moja, na wazee wetu wakaipa jina la "hamsa ishirini". Hesabu ilikuwa sahihi na daftari lilikuwa safi, lakini mgongo wa aliyelazwa chini haukuona tofauti. Tena tuseme kweli yote, kwa sababu historia haifichwi kwa kuwa inatuuma: kabla ya Mjerumani, misafara ya pembe na watumwa iliyopita baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, karibu na hapa Tunduma iliposimama leo, ilikuwa na Waislamu miongoni mwa viongozi wake, na mijeledi yao iliwapiga watu. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi katika njia nyingi za bara, mzigo ukawekwa kichwani mwa binadamu, na mjeledi ukamfuata mwenye mzigo. Hayo yalifanywa na watu waliokuwa wakiswali, na Minhaj ilikuwa ikisomeshwa Zanzibar wakati huo huo.

Sababu hiyo ya mbung'o, pamoja na maradhi ya farasi yanayoenezwa na wadudu wadogo waumao, ndiyo iliyoufanya ukanda wetu usiwe nchi ya farasi. Farasi wakabaki kwa Masultani wa Zanzibar na katika nyanda za juu za Kenya, ambako uwanja wa Ngong mjini Nairobi unatumika tangu mwaka 1954. Mnyama wa mashindano wa Mswahili ni punda. Lamu hushindanishwa wakati wa Maulidi, na vijana hupanda bila ya tandiko wakipita ufukweni huku mji mzima ukiwashangilia. Huko iko hospitali ya punda tangu mwaka 1987, inayotibu bila malipo, na pamewahi kuwekwa pia mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, zawadi ikaenda kwa asiye na kidonda mgongoni. Jambo hili limenipendeza zaidi kuliko faini, maana kutia adabu si kuadhibu tu. Mwenye punda anayejua kuwa jirani zake watakuja kumkagua mnyama wake hadharani atauweka mjeledi chini bila ya kuhesabiwa.

Katika Songwe hatuna hospitali wala mashindano hayo, lakini sheria ya nchi ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inaufanya ukatili kwa mnyama kuwa kosa Tanzania Bara. Imamu anayetaja jambo hili katika mimbari hasemi la kigeni kwa serikali wala kwa dini.

Sasa tufike penye uzito wa suala letu, nalo ni nani wa kutiwa adabu. Riyadh, aliyechapa alikatwa, na aliyefaidika hakukatwa. Kisha likazuka la ajabu zaidi. Mkufunzi wa farasi aliyetoka wa kwanza, Maximum Security, alishtakiwa nchini Marekani kwa kuwapa farasi dawa zilizokatazwa, na mwaka 2024 wasimamizi wa Saudia wakamvua farasi huyo ushindi na kumpa aliyekuwa wa pili. Basi farasi aliyechapwa mara 14 ndiye akawa mshindi, na mipigo minne iliyozidi ikawa imemletea mwenyewe kombe. Uingereza waliliona tatizo hili, na katika kanuni zao za mwaka 2023 wakaamua kuwa mpandaji akizidisha mapigo manne au zaidi juu ya kiwango, farasi mwenyewe anafutwa katika mbio. Hapo mwenye farasi naye anapoteza, na hana tena sababu ya kumnong'oneza mpandaji wake achape tu, faini ataifidia yeye.

Salaf walikwisha kuutazama mkono ulio nyuma ya mjeledi. Ibn Saad amepokea kuwa Umar bin al-Khattab (R.A.) alimpiga mwendesha ngamia kwa sababu alimpakia ngamia wake mzigo asiouweza. Kosa aliloliadhibu Umar lilikuwa mzigo, kabla ya fimbo. Na mjukuu wa mwanawe, Umar bin Abdul Aziz, alimwandikia mtumishi wake wa Misri kwamba zimemfikia habari kuwa ngamia wa huko hubebeshwa ratili 1,000, akaamrisha wasizidishiwe zaidi ya 600. Kisha akaja al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria) akaliweka jambo hili katika kazi za muhtasib, msimamizi wa masoko na njia. Muhtasib humzuia mwenye mnyama kumtumikisha kwa kazi asiyoiweza, na mwenyewe akidai kuwa mnyama anaiweza, muhtasib ana haki ya kulichunguza dai lake.

Katika njia zetu za Mbozi na Momba anayeshika fimbo mara nyingi ni kijana mdogo, pengine mtoto, na ng'ombe si wake, mkokoteni si wake, na magunia aliyapakia mwingine. Mwenye mali anataka safari moja ifanye kazi ya safari mbili. Ng'ombe anakwama, kijana anaogopa kurudi na mzigo, anapiga. Anayepita humkaripia kijana kisha akaendelea na safari yake. Kwa mizani ya Umar tumemkaripia wa pili, na wa kwanza yuko kivulini akihesabu magunia.

Hukumu yake tuigawe. Ikiwa kijana ni baleghe na amekodiwa, na amepiga kupita desturi bila ya idhini ya mwenye ng'ombe, anadhamini kama alivyosema Nawawi, na ana dhambi. Ikiwa mwenye ng'ombe ndiye aliyemwamuru, dhamana ya mali imeondoka, kwa kuwa mtu hadai kwa alichokiruhusu mwenyewe, lakini dhambi haikuondoka na imewafika wote wawili. Haki ya mnyama haisamehewi na mwenye mnyama. Izzuddin bin Abdis Salaam (aliyefariki mwaka 660 Hijria) ameziorodhesha haki hizo, na miongoni mwake ni kutobebeshwa asichokiweza na kulishwa hata akizeeka au akiugua na kukosa manufaa. Ikiwa mpigaji ni mtoto asiyebaleghe, kalamu haijaanza kumwandikia, na lawama yote iko kwa aliyemtuma.

Imebaki faini. Kuna ndugu wanaopinga kumkata fedha mpanda farasi au mwenye mkokoteni, wakisema taaziri ya mali haijuzu. Ni kweli kuwa jamhuri ya wanazuoni wameikataza, wakichelea watawala kuifanya njia ya kula mali za watu, na uchelea huo tunauona una maana kila tunapopita kwenye vizuizi vya barabarani. Abu Yusuf ameijuzisha, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim wakaitetea kwa dalili nyingi. Ama suala la mpanda farasi, naliona ni jepesi kuliko hilo. Yeye ameingia uwanjani kwa mkataba wenye sharti hilo ndani yake, akijua ujira wake utapungua akizidisha. Hilo liko karibu zaidi na sharti la ujira kuliko taaziri. Wenye mikokoteni wa soko moja nao wanaweza kuwekeana sharti la namna hiyo, la idadi ya magunia kwa jozi ya ng'ombe, na atakayezidisha atoe kiasi fulani kiende kwenye dawa za mifugo yao. Sharti hilo lianze kwa mwenye mkokoteni, na la fimbo lifuate baadaye. Magunia yakipungua, kijana hatakuwa na sababu kubwa ya kupiga.

Wallahu a'lam.